Kushiriki na Kushirikishwa: Kitabu cha Rungwe na Dira ya Taifa

I

Mwaka 1951 Oxford University Press walipiga chapa kitabu cha Monica Wilson kiitwacho Good Company, ambacho kinaeleza habari za vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Tarehe 17 Julai 2025, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Kwa kutazama juu juu maandishi haya mawili hayana undugu wo wote. Moja ni kazi ya mtaalamu wa mila aliyekaa na watu wa wilaya moja na kuandika aliyoyaona. La pili ni la serikali, na limekusudiwa kuongoza nchi nzima kwa muda wa robo karne. Hata hivyo yote mawili yanajibu swali moja: nchi watakayokaa watu ambao leo ni watoto, yapasa iamuliwe na nani, na lini?

Swali hili limekuwa na sauti kubwa duniani katika miaka ya karibuni. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, umetaja kushiriki katika maamuzi kuwa ni haki ya kijana. Wales ilitunga mwaka 2015 sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo, na ikamweka Kamishna wa kuwasemea wale ambao hawajazaliwa. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Vizazi Vijavyo. Tanzania nayo haikukaa nyuma katika maneno. Lakini wilayani Rungwe swali hili lilipata jibu kamili zamani, kabla ya mikataba hiyo yote, na jibu hilo halikuwa katika karatasi bali katika mpangilio wa nyumba, mashamba na moto. Kwa hiyo yafaa kuvisoma kitabu cha 1951 na Dira ya 2025 kwa pamoja, kila kimoja kikiwa kipimo cha mwenziwe.

Hoja ya uhakiki huu ni fupi. Kitabu cha Wilson, pamoja na upungufu wake, kinaeleza vijana watendao. Nyaraka za sera za leo, pamoja na nia yake njema, zinaeleza vijana watendewao. Tofauti hiyo huonekana kwanza katika vitenzi, kisha huonekana katika ardhi.

II

Nchi yenyewe ni ya vilima na mvua. Kaskazini umesimama Mlima Rungwe, ambao urefu wake unakaribia mita 3000. Kusini nchi inateremka hadi ufuko wa Ziwa Nyasa. Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, ndio makao ya wilaya. Godfrey na Monica Wilson walipofanya uchunguzi wao, kati ya mwaka 1934 na 1938, wilaya ya Rungwe ilikuwa pana kuliko ilivyo sasa, kwani hata Kyela ilikuwa ndani yake. Godfrey alifariki mwaka 1944, na kazi ya kuandika ikamwangukia mkewe.

Walichokiona ni hiki. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi hivi, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenziwe wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Bado walikula kwa mama zao, wakienda kundi zima leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule; bado walilima mashamba ya baba zao. Lakini usiku na mazungumzo yalikuwa yao. Walipooa, kila mmoja alimleta mkewe kijijini humo, vibanda vikawa nyumba, na lile lililokuwa kama mchezo wa watoto likawa kijiji kamili chenye mashamba.

Kilele cha mpango huu kilikuwa ubusoka. Wakati wakubwa wa rika lile walipokwisha kuwa na wake na watoto kwa miaka kama kumi, nao wakikaribia umri wa miaka 35, nchi nzima ilikabidhiwa kwao. Wana wawili wakubwa wa chifu walitokezwa mbele ya watu kuwa wenye nchi, na nchi ikagawanywa nusu kwa nusu baina yao. Kila kijiji kilipata mkuu wake mpya miongoni mwa amafumu, na wakuu hao walichaguliwa na wale wazee waliokuwa wakiondoka. Moto wa zamani ulizimwa majumbani. Ukapekechwa moto mpya, na moto huo ndio uliochukuliwa kupelekwa katika makao mapya. Wazee walisogea, na ardhi ikatolewa kwa vijana. Hata chifu mzee hakutazamiwa kuishi siku nyingi baada ya hapo, maana zamu yake ilikuwa imekwisha.

Mambo matatu katika desturi hii yanastahili kuangaliwa na kila mtu anayetunga sera. Kwanza, ilikuwa na mahali: kijiji cha vijana kilionekana kwa macho, kilikuwa na mpaka na njia. Pili, ilikuwa na wakati: kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alijua kwamba ubusoka utakuja mara moja katika kila kizazi, na hapana mzee aliyeweza kujifanya kwamba hautakuja. Tatu, ilikuwa na mali: kilichokabidhiwa si nasaha tu bali ardhi na hukumu. Aidha, kabla ya siku ya kukabidhiwa, vijana walikuwa wamekwisha kujizoeza kukaa pamoja, kugombana na kupatana katika kijiji chao, kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini.

III

Jina la kitabu limetokana na neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani kukaa na wenzio kwa furaha, mkila na kunywa na kuzungumza. Wilson alilifasiri kwa Kiingereza kwa maneno mawili yaliyo mazuri lakini mepesi. Huenda Kiswahili kingelifaa zaidi, kwa kuwa neno kuzungumza, kwa maana yake ya zamani huko pwani, halikuwa kusema tu bali ni kujipitishia wakati kwa raha pamoja na wenzi. Mwandishi ameonyesha vema kwamba ukwangala haukuwa anasa. Ndipo mtu alipojifunza kutoa hoja, kusikiliza na kupima neno la mwenziwe. Kadhalika ameeleza habari ya ile iliyoitwa pumzi ya watu: imani kwamba manung'uniko ya wanakijiji juu ya mtu aliyekosa yaweza kumletea baridi na ugonjwa. Msomaji wa leo aweza kuicheka imani hiyo, lakini asikose kuona kazi yake. Mkuu aliyekabidhiwa nchi hakuwa huru kufanya apendavyo. Alikaa katikati ya pumzi za watu waliomjua tangu utotoni.

Sifa kubwa ya kitabu ni subira yake. Mwandishi hakufanya haraka kuwaita watu wa Rungwe washenzi wala hakuwafanya malaika. Lakini pana mambo ambayo kitabu kimeyapitia kwa wepesi kuliko yalivyostahili.

La kwanza ni habari ya wasichana. Hapakuwa na kijiji cha rika cha wanawake. Msichana alichumbiwa mapema mno na kuolewa akiwa mdogo, hali kaka yake alioa akiwa na umri wa miaka 25 hivi au zaidi. Pengo hilo la miaka ndilo lililowawezesha wazee kuwa na wake wengi. Ikiwa kijiji cha rika kilikuwa chuo cha utawala, basi nusu ya vijana hawakuingia katika chuo hicho. Wilson anayataja mambo haya yote, wala hayafichi. Lakini ukwangala unapopewa nafasi ya mbele katika kitabu, gharama yake kwa wanawake inabaki nyuma.

La pili ni ng'ombe. Utawala na ardhi vilikabidhiwa kwa pamoja, lakini ng'ombe walirithiwa kwa njia nyingine: walikwenda kwanza kwa ndugu wa marehemu, ndipo baadaye wakafikia wana. Na bila ng'ombe hapakuwa na mahari, na bila mahari hapakuwa na ndoa. Kwa hiyo wazee waliotoa nchi kwa mkono mmoja walishika kamba ya ng'ombe kwa mkono wa pili. Hili ni somo kubwa kwa wanaosema habari za kuwakabidhi vijana hatima yao: yapasa kuuliza daima ni kitu gani ambacho hakikukabidhiwa.

La tatu ni wakati. Kitabu kinaeleza desturi kana kwamba imesimama mahali pamoja, ingawa miaka ile ya 1930 vijana wa Rungwe walikuwa tayari wakienda kufanya kazi katika dhahabu ya Lupa, na wengine mbali zaidi, wakirudi na fedha zao wenyewe. Kahawa nayo ilikuwa imeanza kuwapa watu sababu ya kung'ang'ania shamba moja wasilihame. Mtaalamu McKenny, mwaka 1973, alitaka picha nzima ya muundo wa jamii ya Wanyakyusa ipimwe upya. Ni haki kusema kwamba Wilson mwenyewe hakukaa kimya. Katika kitabu chake cha mwaka 1977, For Men and Elders, alirudi kueleza mabadiliko ya uhusiano baina ya vizazi, na baina ya wanaume na wanawake, tangu 1875 hadi 1971. Mwenye kusoma Good Company bila kusoma hicho cha pili amesoma nusu ya habari.

Vijiji vya rika vilikufa pale ardhi ilipopungua. Mzee aweza kusogea ikiwa pana mahali pa kusogelea. Shamba likishapandwa miti ya kudumu, na majirani wakishakuwa pande zote, kusogea ni kupoteza. Basi si busara kuutamani ubusoka urudi. Busara ni kuuliza kazi iliyofanywa na ubusoka inafanywa na nini sasa.

IV

Hapo ndipo nyaraka za sera zinapoingia. Tanzania imekuwa na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana tangu mwaka 1996. Ikaandikwa upya mwaka 2007, na toleo la 2007 likapitiwa tena mwaka 2024. Dira ya 2050 imekuja badala ya Dira ya 2025. Katika maandishi ya namna hii vitenzi kadhaa hurudi kila mara vinapotajwa vijana: kushirikisha, kuwezesha, kuhamasisha, kuandaa. Kijana hushirikishwa, huwezeshwa, huhamasishwa, huandaliwa.

Msomaji na aangalie umbo la maneno hayo. Kitenzi shiriki kina mtenda mmoja: kijana anashiriki. Kikitiwa kiambishi cha kusababisha, yaani shirikisha, anaingia mtu wa pili ambaye ndiye afanyaye kitendo, na kijana anakuwa mtendwa. Kikitiwa tena kiambishi cha kutendwa, shirikishwa, kijana anarudi mwanzoni mwa sentensi, lakini amerudi bila nguvu. Na yule mtu wa pili, aliyeingizwa na kiambishi cha kwanza, ametoweka asionekane. Inaposemwa kwamba vijana washirikishwe, sarufi inamruhusu msemaji asitaje ni nani atakayewashirikisha. Asipotajwa, hakuna wa kuulizwa kama jambo halikufanyika.

Ushahidi wa hasara hiyo si wa kutafuta mbali. Sheria ya kuunda Baraza la Vijana ilipitishwa mwaka 2015. Iliagizwa kwamba Baraza liundwe. Lakini miaka mingi ikapita na Baraza lenyewe halikuundwa. Hapana aliyeivunja sheria kwa kelele. Ilitosha kwamba kitenzi kilikuwa cha kutendwa.

Nomino iliyozaliwa katika kitenzi hiki ni ya ajabu zaidi. Kutokana na shiriki lugha imepata mshiriki, mshirika, ushirika na ushirikiano, maneno ambayo yana watu ndani yake. Mkulima wa kahawa alijua maana ya kuwa mwanachama wa ushirika: ana hisa yake, na ana kura yake. Lakini ofisi zimeunda ushirikishwaji. Neno hili limetoka katika kitenzi cha kutendwa, likapewa kiishio ambacho kwa kawaida humwonyesha mtenda. Mtu akijaribu kulipatia mwenyewe, atasema mshirikishwaji, na hapo masikio yatakataa, maana hajulikani kama ni mtenda au mtendwa. Ushirikishwaji ni jambo lisilo na mtu.

Hebu yalinganishwe na maneno ya Rungwe. Ubusoka umetokana na ukusoka, yaani kutoka. Ukwangala ni kitenzi kitupu. Yote mawili hayahitaji msababishaji: vijana wanatoka, vijana wanakaa pamoja. Wazee wana kazi kubwa katika sherehe, lakini jina la sherehe limepewa kitendo cha vijana. Bila shaka neno si kitu, na watu waweza kunyanyaswa chini ya jina zuri. Habari ya ng'ombe imekwisha kulionyesha hilo. Lakini lugha ya sera ni mfano wa pekee, kwa sababu sera haina kitu kingine zaidi ya lugha mpaka itakapotekelezwa.

Jina la kijana lenyewe lina fundisho. Limevaa ki- ya vitu na vidogo, lakini katika sentensi halikubali upatanisho wa vitu. Husemwi kijana kimefika. Husemwa kijana amefika. Waswahili walimpa udogo katika jina na utu katika kitenzi. Watunga sera wamefanya kinyume: katika majina wamempa ukuu, wakimwita nguvu kazi na taifa la kesho, lakini katika kitenzi wamemfanya kitu.

Na neno dira? Dira ni chombo cha baharini, na kulichagua neno hilo kulikuwa na akili. Dira huonyesha upande, haishiki usukani. Chombo chaweza kuwa na dira iliyo sahihi kabisa kikapotea, ikiwa wenye kukiendesha hawaitazami, au ikiwa watakaokifikisha bandarini si wale waliooneshwa jinsi ya kuisoma.

V

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja upande wa pili. Kazi ya kukusanya maoni ya Dira ya 2050 ilikuwa kubwa. Zaidi ya watu milioni moja walitoa maoni, na wengi wao walikuwa vijana. Zamani hazijawahi kuona jambo kama hilo katika kutunga mpango wa taifa hili. Tena wazee wa Rungwe hawakumwuliza kijana ye yote kama anataka nchi igawanywe nusu, waliigawa. Kwa kipimo cha kuuliza, Dira imeushinda ubusoka.

Aidha, malengo yake si ya kubeza. Dira inatazamia uchumi wa dola za Kimarekani trilioni moja, na wastani wa pato la dola 7000 kwa kila mtu, ifikapo 2050. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na zaidi ya watu 4 katika kila 10 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 15. Mtoto aliyezaliwa mwaka Dira ilipozinduliwa atakuwa na miaka 25 siku ya kuihukumu. Ni yeye atakayejua kama hesabu hizo zilikuwa kweli.

Lakini kuulizwa si kukabidhiwa. Maoni hukusanywa mara moja. Uamuzi huendelea kila mwaka. Aliyetoa maoni yake kwa simu hana njia ya kujua neno lake limewekwa katika ukurasa upi, au limeachwa kwa sababu gani. Hana mahali pa kurudi, wala siku ya kurudi. Ule utatu ulioonekana Rungwe, yaani mahali, wakati na mali, hapa haupo.

Habari ya umri inalidhihirisha jambo hili kuliko nyingine zote. Kwa Katiba, Mtanzania hupiga kura akiwa na miaka 18, aweza kuwa mbunge akiwa na miaka 21, na hawezi kuwa Rais mpaka atimize miaka 40. Kwa Sera ya 2007, kijana ni mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Basi miaka 35 ndio mwisho wa kuwa kijana. Huko Rungwe, umri uo huo hasa ndio uliokuwa wa ubusoka. Kwa desturi ya kale, mtu alipofika hapo aliipokea nchi. Kwa sera ya leo, mtu akifika hapo anatoka katika orodha ya wanaoshirikishwa, na hapokei cho chote. Ujana umekuwa chumba cha kungojea chenye mlango mmoja, na mlango huo unatokea nje.

Pia hapana budi kukiri kwamba hekima nyingi ya Kiswahili imesimama upande wa wazee. Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hizi ni za kweli kwa mambo yaliyokwisha kutokea zamani na ambayo yatatokea tena vile vile. Mzee ameona njaa, anajua dalili zake. Lakini kuhusu mambo ambayo hayajapata kuonekana, mzee na kijana ni sawa kwa ujinga, isipokuwa kwamba kijana ndiye atakayekuwapo. Hiyo ndiyo hoja yake ya kuketi barazani: si kwamba ana akili zaidi, bali kwamba atalipa deni.

VI

Deni hilo si la kufikirika tu. Wilaya ya Rungwe, ambayo sasa ina halmashauri mbili, ya Rungwe na ya Busokelo, inapata mvua ambayo sehemu nyingine za nchi huiota, zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka katika maeneo ya Tukuyu. Hulimwa migomba, viazi, kahawa, chai, na katika miaka ya karibuni maparachichi ya kuuza ng'ambo. Mche wa chai ukitunzwa waweza kuvunwa kwa zaidi ya miaka 50. Mparachichi wa kuunganishwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, kisha husimama kwa miongo. Baba anapolijaza shamba chai, amemwamulia mwanawe, na pengine mjukuu wake. Chai ikishafunga majani hakuna mahindi wala maharage yatakayoota chini yake. Uamuzi wa asubuhi moja umechukua nusu karne.

Juu ya mashamba hayo upo msitu. Mlima Rungwe uliwekwa chini ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Ndani yake anaishi kipunji, kima ambaye wataalamu walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani. Msitu huo ndio chimbuko la mito inayoshuka mpaka mashambani na ziwani. Mpaka wa msitu ni mpaka baina ya kizazi hiki na kijacho: kila hatua ambayo shamba linapanda mlimani leo ni maji yanayopungua bondeni kesho.

Mahali pa kuyaamua mambo haya papo katika sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imeweka mkutano wa kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya wote, ya wenye kumiliki, na ile iliyobaki kwa ajili ya kugawiwa baadaye. Fungu hilo la tatu ndilo fungu la vizazi vijavyo, ingawa sheria haikulitungia jina la fahari. Linatajwa kwa upole, na kwa upole huo huo linaweza kwisha.

Sheria hizo zilipotaka wanawake wasisahauliwe, hazikusema washirikishwe tu. Zilitaja hesabu: katika halmashauri ya kijiji wasipungue robo, katika baraza la ardhi wawe watatu. Hesabu ni lugha isiyoruhusu mtenda kutoweka. Kiti kikikosa mtu, kila mmoja anakiona. Kwa vijana hesabu ya namna hiyo haikuwekwa. Ikiwa Dira ya 2050, ambayo utekelezaji wake ulipangwa kuanza Julai 2026, inataka kuonekana Rungwe, njia fupi ni hii: viti vyenye hesabu kwa vijana, wasichana kwa wavulana, katika halmashauri ya kijiji inapopanga matumizi ya ardhi, fungu la ardhi ya akiba lisilogawiwa bila kura yao, na siku inayojulikana, kila baada ya miaka fulani, ambapo wenye kushika mpango watasimama mbele ya mkutano waeleze walichokitumia na walichokibakiza. Hapo patakuwa na mahali, wakati na mali.

Wapo watakaosema kwamba vijana hawapo vijijini. Wamekwenda Mbeya na Dar es Salaam. Ni kweli kwa wengi. Lakini vijana wa miaka ya 1930 nao walikwenda Lupa, na walirudi, kwa sababu nyumbani palikuwa na kijiji kilichoitwa chao. Mtu harudi mahali anapongojewa kushirikishwa.

VII

Good Company ni kitabu kinachostahili kusomwa tena, na kinastahili kufasiriwa kwa Kiswahili ili wajukuu wa waliosimuliwa humo wakikosoe wao wenyewe. Watakuta humo dhuluma kwa dada zao ambayo haifai kurudi, na watakuta ng'ombe walioshikwa na wazee hadi dakika ya mwisho. Lakini watakuta pia jamii iliyojua kwamba kizazi kinachotawala kina mwisho, ikaupangia mwisho huo sherehe badala ya kuungojea kwa hofu.

Dira ya 2050 nayo yastahili kusomwa, na isomwe kwa kalamu mkononi. Kila panapokuwa na kitenzi cha kutendwa, msomaji aandike pembeni: na nani? Kila panapotajwa vizazi vijavyo, aandike: vitakapokuja, vitakuta nini kimebaki? Yakijazwa majibu hayo, pale Tukuyu na po pote pengine, maandishi yatakuwa yamepata wenyewe. Yasipojazwa, mtoto aliyezaliwa mwaka 2025 atayasoma akiwa na miaka 25, naye atajua ni nani aliyekuwa na zamu.